Kesi ya Kuku

Wahenga walisema kuku wa mkata hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea hutwaliwa na mwewe. Nashuku waliosema hivyo walikuwa na mbwa, ndiyo maana lawama yote wakamtupia mwewe. Hapa kwetu, kijijini pembeni mwa barabara ya Singida kwenda Manyoni, mwewe anabeba kifaranga mmoja na kwenda zake. Mbwa wa jirani akiingia uani saa nne asubuhi, watu wakiwa shambani, anaangusha mitetea mitano na huenda asile hata mmoja.

Mkoa wetu unajulikana nchi nzima kwa kuku wa kienyeji. Ukipita na basi utawaona vijana wakikimbilia madirishani, kuku wamening'inia mikononi vichwa chini, na matenga yaliyopangwa yakisubiri kupelekwa Dodoma na Dar es Salaam. Kinachosahaulika ni kwamba wengi wa kuku hao hawatoki kwenye miradi yenye mabanda ya kisasa. Wanatoka uani kwa akina mama kama mimi, kuku kumi na tano hapa, ishirini pale, wanaojitafutia wadudu mchana na kulala kwenye kibanda cha fito usiku. Daftari, sare ya shule, nauli ya kumpeleka mgonjwa hospitali ya wilaya, mchango wa msiba: vyote hivyo hutoka kwenye kibanda hicho. Jogoo akiuzwa Jumapili, mtoto Jumatatu yuko darasani.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema "ni kuku tu", huwa natamani kumuuliza yeye akiba yake anaiweka wapi.

Lakini kabla ya kwenda kugonga mlango wa jirani, soma uwanja kwanza. Kila mwizi ana mwandiko wake. Kicheche na kanu ni wa usiku; huingia kwenye tundu ambalo usingeliwaza, wakauma shingo na kichwa, na mara nyingi kiwiliwili unakikuta palepale. Nguchiro huja mchana kufuata vifaranga na mayai. Kenge naye shida yake ni mayai. Mwewe haachi ushahidi, unasikia tu mayowe ya mama kuku na hesabu inapungua. Mbwa ni tofauti kabisa. Manyoya yametapakaa kwa mstari mrefu, kuanzia alipoanza kumfukuza hadi alipomkamatia. Kuku amelowa mate mgongoni, mgongo umevunjika, ukiinua bawa unakuta ngozi imechunika na tundu za meno zimekaa mbilimbili. Damu ni kidogo kuliko unavyotarajia. Na kwenye vumbi kuna nyayo zenye alama za kucha mbele ya vidole. Paka, hata yule wa porini, hutembea kucha akiwa amezirudisha ndani. Kisha waangalie waliobaki. Baada ya kicheche kuku wanabaki bandani wamejikunyata. Baada ya mbwa wanakuwa juu ya mwembe, juu ya paa, na mmoja utamkuta jioni kwa watu wa kitongoji cha pili.

Nyumba nyingi hapa ni za Waislamu, na shambulio la mbwa lina mbio zake za pekee. Mtoto anapiga kelele, mtu anatoka na kisu anakimbia. Kuku akiwahiwa angali hai anachinjwa na nyumba inakula. Akikata roho mdomoni mwa mbwa ni kibudu, hasara tupu. Nimeshuhudia mama mtu mzima akiruka tuta la viazi, kisu mkononi, khanga imebaki kwenye miiba, ili kuokoa angalau mboga ya jioni. Hilo la kuchinja aliyeng'atwa nitalirudia chini, maana lina hatari yake.

Sasa huyo mbwa ni wa nani? Hili ndilo swali ambalo kijiji kizima hulikwepa. Kuku wakiuawa utaambiwa ni mbwa koko, hana mwenyewe, katokea porini. Tafiti za kichaa cha mbwa zilizofanyika kwa miaka mingi kwenye vijiji vinavyopakana na Serengeti zilionyesha kwamba karibu mbwa wote wa vijijini wana wenyewe. Na mtu yeyote aliyekaa kijijini anajua hivyo bila kuambiwa na mtafiti. Huyu mwekundu mwenye sikio lililochanika ni wa kwa fulani. Yule mweusi aliyekatika mkia ni wa vijana wa kule bondeni. Anaitwa kwa jina na anaitika. Siku anapoua kuku ndipo anakuwa hana kwao.

Tena mbwa hawa wana kazi. Usiku wanalinda zizi dhidi ya fisi, na msimu wa mavuno wanashinda shambani wakifukuza ngedere na nguruwe pori kwenye karanga na mahindi. Sina ugomvi na kazi hiyo. Mbuzi wangu mwenyewe wanalala salama kwa sababu mbwa wa jirani wanabweka. Ugomvi wangu ni ujira wao. Mbwa anayekesha na fisi anapewa makoko ya ugali, na siku nyingine maji yaliyosuuzia sufuria. Kulipokucha anaondoka kwenda kujitafutia, kama kuku wangu anavyoondoka kwenda kujitafutia, na wote wawili wanakutana nyuma ya choo changu.

Kuna jambo jingine ambalo huwa halisemwi mkutanoni. Kuku ni mali ya mama, mbwa ni wa baba na vijana. Ukienda kushtaki, anayedai ni mwanamke, anayedaiwa ni mwanaume, na anayesikiliza ni mwanaume mwenye mbwa wake nyumbani. Ng'ombe akiingia kwenye mtama wa mtu kikao kinakaa siku hiyohiyo, wazee wanapima eneo lililoliwa kwa hatua, faini inatajwa. Kuku watano wakifa, mwenyekiti wa kitongoji anacheka: "Mama, umeniletea kesi ya kuku?"

Nilimpelekea hata hivyo. Kwanza lakini nilikwenda kwa mwenye mbwa, mzee wa rika la baba yangu, na nilikwenda na mzoga kwenye ndoo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

"Huko si kwema, baba. Popi ameingia kwangu."

"Popi? Popi hali kuku. Amekua na kuku hapa."

"Kwako hali. Kwangu anakula."

Akanyamaza, akamtazama mbwa aliyelala kivulini na unyoya mweupe umemnata kwenye shavu. Mzee hakucheka. Akasema tu, "Basi tuzungumze."

Mazungumzo yakakwama kwenye bei. Yeye aliona kuku kwa kuku: ameua mmoja, atalipa mmoja, nichague jogoo yeyote. Mimi nikasema aliyekufa alikuwa mtetea aliyekuwa anaatamia, ana mayai kumi na mawili chini, zimebaki siku chache kutimia 21. Mayai yamepoa, yote yameharibika. Jogoo hawezi kunilipia hayo. Hapo ndipo nilipomhitaji mwenyekiti na kicheko chake, maana mke wa mwenyekiti naye anafuga, na alikuwa anasikiliza kutoka jikoni. Yeye ndiye aliyetoa hukumu, akiwa ameshika mwiko: mtetea hulipwa kwa mtetea, na aliyekuwa anaatamia hulipwa na mtetea anayetaga pamoja na mayai ya kumuatamisha. Mwenyekiti akaitikia kwa kichwa kama vile amewaza yeye. Tangu hapo ndiyo kanuni ya kitongoji chetu, ingawa haijaandikwa popote.

Fidia ni nzuri, ila haimzuii mbwa kurudi. Nilichojiuliza baadaye ni Popi alijifunzia wapi. Mzee hakudanganya; mbwa yule kweli alikua katikati ya kuku bila kuwagusa. Kumbukumbu ikanipeleka kwenye mwezi wa tisa na wa kumi, mdondo ulipopita. Wanaofuga wanaujua: kuku anaharisha kijani, anahema kwa shida, shingo inapinda, na kama hawakuchanjwa banda zima linaweza kwisha ndani ya wiki. Huku kwetu hupenda kuja kiangazi, kabla ya mvua. Na mizoga tunaipeleka wapi? Kichakani. Nyuma ya shule. Kwenye korongo. Mbwa wa kijiji kizima hula kuku bure mwezi mzima, kuku walewale wenye harufu ileile ya uani kwetu. Mvua zikianza, mizoga imekwisha, watu wameingia shambani, nyumba hazina mtu mchana. Mbwa aliyezoeshwa kuku tangu kiangazi anakwenda pale harufu inapompeleka. Kila mwaka tunasema mbwa wameharibika msimu wa kilimo, wakati tuliwafundisha wenyewe miezi miwili kabla.

Utumbo na manyoya ya kuku tunaochinja sikukuu nayo tunayarusha juu ya ua.

Kwa hiyo ukiniuliza kinga ya kwanza dhidi ya mbwa nitakujibu ni chanjo ya mdondo, na najua inasikika kama nimechanganya mambo. Chanjo hiyo, iitwayo I-2, inatengenezwa hapahapa nchini, Kibaha, na Wakala ya Maabara ya Veterinari. Ni tone moja jichoni kila baada ya miezi mitatu, na inavumilia joto kuliko zile za zamani, jambo kubwa kwa sisi tusio na friji. Shida ni kwamba chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wa kaya moja, na ikishafunguliwa haikai sana. Hivyo lazima mkusanyike. Tulipoanza kuchangia chupa nilihakikisha mzee mwenye Popi yumo, yeye na mkewe. Mtu aliyeshika kuku wako ukamdondoshea dawa jichoni, asubuhi na mapema mikono imejaa kinyesi, siku ya ugomvi anaongea nawe vingine.

Na anayekufa anafukiwa. Shimo la nusu mita au zaidi, majivu juu, udongo, kisha mawe mazito, maana mbwa akinusa atafukua. Kuchoma ni bora kama kuni zipo. Kumrusha kichakani ni kumpikia mbwa karamu.

Baada ya hapo ndipo tuje kwenye banda na ua, ambavyo ndivyo watu huanza navyo. Banda la usiku halina siri nyingi: liinue juu ya nguzo kama mita moja, sakafu iwe ya fito zenye nafasi ndogo ili kinyesi kidondoke (kinakuza mchicha ajabu), na ngazi iondolewe kuku wakishapanda. Mbwa wa kawaida ameshazuiwa.

Kazi ni mchana. Kuku wa kienyeji aliyefungiwa siku nzima anakula pumba na mashudu ya alizeti kwa fedha yako, wakati faida yake yote iko kwenye kujitafutia. Hapo unahitaji ua. Huku tuna minyaa, unakata vipande, unavichomeka kabla ya mvua, na baada ya miaka michache una ukuta wa kijani ambao mbuzi hawaugusi. Utomvu wake ukiingia jichoni ni balaa, kwa hiyo watoto wasikabidhiwe panga. Kasoro ya minyaa ni miguuni. Inavyorefuka, chini inabaki mashina matupu, na mbwa hupita pale kwa tumbo. Mimi nimejaza matawi ya mgunga, mashina yakiangalia ndani na miiba nje, vile wazee wanavyozungushia zizi. Anayejaribu kuyavuta kwa nje anavuta miiba. Mchwa wanayala, kila kiangazi unaongeza mengine.

Wenye uwezo wananunua wavu. Sikiliza dukani usiuziwe ule mwembamba wa matundu ya pembe sita na kuambiwa unazuia mbwa. Ule unazuia kuku kutoka. Mbwa mwenye nia anauchana kwa meno. Tafuta mzito wa matundu ya mraba, na usiusimamishe juu ya ardhi tu. Ukunje chini kuelekea nje, kama sentimita 30 zilale ardhini, uzikandamize kwa mawe. Mbwa huchimba palepale ukuta unapokutana na ardhi. Akikuta wavu chini ya kucha anahangaika, na mara nyingi hawazi kurudi nyuma hatua moja aanzie huko.

Vifaranga wa wiki za mwanzo mimi nawafunika kwa tenga pamoja na mama yao, jiwe juu. Na ili kuku wakubwa wasitangetange hadi kwa watu, nawalisha nyumbani asubuhi na jioni japo kidogo. Mchwa ndio mchuzi wao. Unachukua chungu kilichopasuka, unakijaza samadi kavu na mabua ya mtama, unanyunyiza maji, unakipindua juu ya njia ya mchwa jioni. Asubuhi ukikiinua mabua yametembea. Kuku aliyepata hiyo saa moja asubuhi haoni sababu ya kwenda bondeni.

Kuhusu kumrekebisha mbwa mwenyewe, nimesikia mengi: mvike mzoga shingoni, mpe yai la moto limuunguze mdomo. Yai la moto linamfundisha kumwogopa mtu anayempa yai. Mbwa mzima aliyekwisha kuonja mbio za kuku sijaona akisahau. Anafungwa mchana, anafunguliwa usiku, basi. Mtoto wa mbwa ndiye anafundishika, na mwalimu wake ni kuku mwenye vifaranga. Mlete uani akiwa wa wiki nane hivi, mdogo kuliko jogoo, umwachie asogee kwenye vifaranga. Mama kuku atavimba, atatandaza mabawa, atamrukia usoni. Kilio kile, na kimbilio lile chini ya kitanda, vinabaki naye ukubwani. Kisha mlishe ashibe. Mafunzo bila ugali hayashiki.

Sumu ni jambo nililotaka kulipita haraka, ila kila mwaka kuna anayeitega. Nyama yenye sumu haichagui mwenye hatia. Anakufa mbwa aliyekuwa analinda zizi lako, anakufa paka, anakufa tai aliyeshuka kwenye mzoga, na kuku wako wenyewe wanadonoa matapishi. Mtoto anayetambaa naye huokota. Juu ya hayo mbwa wa mtu ni mali yake kisheria, kumuua makusudi bila haki ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na tangu 2008 tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama. Utatoka na kesi ya kuku urudi na kesi ya jinai.

Wala kuua mbwa hakuondoi kichaa cha mbwa. Kinachokikata ni chanjo, mbwa wapatao asilimia 70 wa eneo wachanjwe, na warudiwe kadiri vitoto vipya vinavyozaliwa. Kampeni nyingi huja karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Vijana wanawaleta mbwa kwa kamba za katani, na mimi huenda kuangalia, kwa sababu siku hiyo kila mbwa ana mwenyewe, anatajwa jina na kuandikwa daftarini. Mwaka jana nilimwona hata yule aliyekatika mkia.

Lile la kuchinja sasa. Kama mbwa aliyeingia ni mgeni, anatokwa mate, anang'ata kila kinachosogea hata kisicholika, anayumba, au ni mpole aliyebadilika ghafla, usimkimbilie na kisu. Mwache kuku, ita watoto ndani, mjulishe afisa mifugo. Kuku huyo asiliwe, afukiwe na mikono isiyo na michubuko. Mtu akiwa ameng'atwa, au ameparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyohiyo kwa ajili ya sindano. Dalili zikishaanza kwa binadamu, kwa kawaida hakuna kupona.

Akina mama tulilipeleka suala letu kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Halmashauri ya kijiji ina uwezo wa kutunga sheria ndogo, ikapita mkutanoni na kupelekwa wilayani kuidhinishwa. Tulichoomba ni kidogo: mbwa afungwe mchana kuanzia mvua za kwanza hadi mavuno, mzoga usitupwe ovyo, na mtetea aliyekuwa anaatamia alipwe kwa hesabu ya mke wa mwenyekiti. Wanaume walilalamika kwamba mbwa aliyefungwa huwa mkali, mmoja akauliza kamba atanunua nani. Lakini walinyoosha mikono. Muhtasari bado unatafutwa mhuri.

Wakati huo huo mzee mwenye Popi amekuja kwangu juzi, kofia mkononi. Kuku wangu wamevuka ua, wameingia kwake na kudonoa uwele alioanika kwenye mkeka, mkeka mzima. Anataka debe. Mimi nasema haifiki debe. Mwenyekiti ametuita Alhamisi.